Mbuzi akivunjika mguu, tusikimbilie kisu

Mwezi uliopita, tulipomaliza habari za asubuhi, nilikuta mama mmoja ananingojea kwenye mlango wa redio. Alikimbia Kitshanga, huko Masisi, akapita kambi mbili kabla ya kupanga chumba hapa Goma. Akaniambia: "Mwanangu, nyinyi wa redio munajua watu. Huyu mbuzi nimuchinje ao ningoje?"

Mbuzi jike huyo, mwenye watoto wawili wanaonyonya, aligongwa na motari kwenye barabara ya Sake. Mguu wa nyuma ulivunjika. Jirani mwenye roho nzuri akaufunga kwa vijiti na mpira wa tairi, akakaza kwa nguvu zake zote. Siku ya sita kwato ilikuwa baridi kama jiwe, ngozi imegeuka nyeusi, na harufu ilikuwa imeanza. Mchinjaji akamtolea mama nusu ya bei.

Kusema kweli, na mimi nilifikiri auze. Ni fundi wa mifugo mmoja aliyenifundisha kinyume, na ndiyo maana naandika.

Mguu uliokufa haurudi, lakini mbuzi anaweza kubaki. Uzito mkubwa wa mnyama uko mbele, karibu sehemu sita kati ya kumi, kwa hiyo anayepoteza mguu wa nyuma anasimama haraka kuliko aliyepoteza wa mbele. Mbuzi ni mwepesi. Anakula, anazaa, ananyonyesha. Kitu ambacho hataweza vizuri ni kupanda mawe ya volkano kama wenzake, na hapa kwetu mawe ni mengi. Basi afungwe karibu na nyumba, aletewe majani.

Nilisimama pale nikitazama. Kwanza mbuzi alinyimwa chakula tangu jana yake, ili tumbo lisijae akiwa amelazwa. Fundi alinyoa manyoya, akaosha, akachoma dawa ya ganzi mgongoni, karibu na mkia. Dawa hiyo inapimwa kwa uangalifu, kwani mbuzi haivumilii ikizidi: anatetemeka, na anaweza kufa. Akafunga mishipa ya damu mmoja mmoja kwa uzi, kisha akakata juu, katikati ya paja. Nilimuuliza kwa nini akate nyama nzima hivyo wakati ugonjwa uko chini. Akanijibu kwamba kipande kirefu kitagusa chini kila siku, kitatoka kidonda, na kazi itarudi mwanzo. Nyama ikafunika mfupa kama mto, ngozi ikashonwa. Sindano ya kuzuia pepopunda, sindano ya kuzuia vijidudu. Jioni mbuzi alikuwa amesimama, watoto chini ya tumbo. Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na nne.

Kwa hiyo tafadhali, wasikilizaji wetu, asitokee mtu kuchukua panga na moto nyumbani akisema redio ilimruhusu. Bila ganzi ni mateso, na damu itamaliza mnyama mbele ya watoto wako. Na mguu uliovunjika leo, bila kidonda, si wa kukata hata kidogo: unafungwa na vijiti juu ya pamba ao kitambaa laini, na unaangaliwa kila siku. Kwato ikiwa baridi ao ikivimba, legeza. Mguu wa mbuzi wa Kitshanga uliuawa na mpira wa tairi kuliko na pikipiki.

Kwa ngombe ni hesabu ingine. Ngombe mkubwa wa Masisi ni mzito, miguu mitatu haimbebi. Akivunjika paja, achinjwe siku ile ile, kabla ya kuchomwa dawa yoyote, na nyama ipimwe. Lakini ngombe ana kucha mbili kwa kila mguu, na moja ikioza mpaka kwenye kiungo, munganga anaweza kuitoa kwa waya wa kukatia mfupa, mnyama akaendelea kutoa maziwa kwa muda. Wafugaji wengi huuza ngombe wa aina hiyo kwa hasara bila hata kuuliza. Na aliyechomwa dawa, maziwa na nyama yake zingoje siku alizosema munganga. Tusiuziane dawa sokoni.

Najua kuna atakayekasirika: watu wetu wanakatwa miguu kwa ajili ya mabomu na risasi, na wewe unalilia mbuzi? Nimeingia hospitali ya CBCA Ndosho, ambako CICR inasaidia kupasua majeruhi wa vita. Nimeona vijana wakijifunza kutembea na mguu wa kutengenezwa pale Shirika la Umoja. Sichanganyi mtu na mnyama. Lakini ngombe walibaki kule wakaporwa. Mbuzi huyu alitembea na mama yake mpaka Goma. Ndiye karo ya shule, ndiye dawa ya malaria usiku wa manane. Akiuzwa nusu bei, nusu ya mali yote ya nyumba imekwenda.

Na tusiseme elimu haipo. Rumangabo, kwenye kituo cha Senkwekwe, aliishi sokwe mkubwa aitwaye Kaboko, aliyepoteza mkono kwa sababu ya mtego. Alitunzwa na wanganga mpaka alipofariki mwaka 2012. Butembo, chuo kikuu cha Graben kinafundisha wanganga wa mifugo. Vijana hao wako, wengi hawana kazi, ao wanauza dawa za kuku.

Kwa hiyo naomba mashirika yanayogawa mbuzi kwa familia zinazorudi Masisi na Rutshuru: mkileta mbuzi mia moja, lipeni pia fundi mmoja, na uzi, na ganzi. Mnapiga picha siku ya kugawa. Rudini baada ya miezi sita muulize wangapi bado wako hai, na waliokufa walikufa na nini.