Simu kutekwa hewani, bila mwenyewe kubofya chochote

Kila nikigusia usalama hapa, kuna msomaji huniambia, "Mimi sibofyi viungo nisivyovijua, niko salama." Haya, sikiliza hii.

Mnamo Desemba 2020, Ian Beer, mtafiti wa usalama wa Google, alieleza alivyoiteka iPhone iliyo karibu naye kwa mawimbi ya redio tu. Mwenye simu hagusi kitu, na picha zake zinachukuliwa.

Mdudu alikuwa ndani ya kerneli, kwenye AWDL, itifaki inayotumiwa na AirDrop kuunganisha vifaa vya Apple moja kwa moja. Programu ilipokea data kutoka hewani ikainakili kwenye bafa bila kuhakikisha kwamba inatosha humo. Ziada ikamwagikia kumbukumbu ya jirani. Basi! Kosa la C++ ambalo kila mwanafunzi wa programu huonywa nalo.

Apple walikuwa wameshaliziba mapema mwaka huo. Lakini Beer alifanya kazi hiyo peke yake, miezi sita. Genge lenye pesa je?

Kwa hivyo wenzangu wakisema "tuwe makini tu na C", mimi sikubali. Apple wana mafundi hodari, na mdudu akapita. Panapoingia data ya wageni, lugha yenyewe ibadilishwe. Linux ilianza kupokea Rust katika toleo 6.1, Desemba 2022. Rust inachosha, kompaila yake inanung'unika kutwa, lakini ukijaribu kuandika nje ya bafa, programu inasimamishwa hapo hapo.

Na wewe mwenye iPhone ya mtumba yenye iOS 13 ya mwanzo mwanzo, isasishe leo.