Wanakufa kwa Shibe

Nataka kugombana na watu ninaowapenda. Hawa ni wale walioweka tangi la samaki sebuleni, ofisini au kwenye ukumbi wa hoteli, wakanunua na kopo la chakula, na kila apitaye hapo huchota kwa vidole, akanyunyiza, kisha akasimama kutazama samaki wanavyogombea. Waambie watu hawa kwamba wanaua, watakukodolea macho. Watakujibu, "Sisi? Sisi tunawalisha!" Ndiyo, ndugu zangu, na hilo hasa ndilo ninalowalaumia.

Tumelelewa kuamini kwamba mfugo mwembamba ni aibu ya mwenye mfugo. Ng'ombe akionyesha mbavu, hakuna jirani anayemlaumu ng'ombe. Mgeni akiondoka hajala, nyumba nzima imefedheheka. Desturi hii ni njema na mahali pake sina ugomvi nayo. Lakini mbuzi akishashiba huondoka zake, akaenda kunya kichakani, na mvua ikasafisha. Samaki wa kioo anakula, ananya na anapumua ndani ya chombo kile kile, na maji anayoyapitisha kwenye matamvua yake ndiyo hayo hayo yenye uchafu wake. Hebu jaribu kufikiri, msomaji, umefungiwa katika chumba kimoja kisicho na dirisha, na watu wema wanakuletea sahani ya pilau mara sita kwa siku, na hakuna hata mmoja anayetoa ndoo.

Tena samaki si mbuzi kwa jambo jingine. Mwili wake hauna joto lake wenyewe, hufuata joto la maji, kwa hiyo hana haja ya chakula kingi cha kuchochea moto ndani. Samaki mzima mwenye afya aweza kukaa wiki moja bila kula na asidhurike. Kwa sababu hiyo nawashangaa wanaosafiri kwenda kula Krismasi kijijini kwa siku tano, wakamwachia jirani kopo zima na maagizo marefu. Jirani, kwa kuogopa lawama, atalimaliza kopo. Mkirudi mtakuta maji meupe kama ya kuoshea mchele na samaki wamelala ubavu. Lifungieni kopo kabatini, mwendeni kwa amani.

Sasa niseme kinachotokea ndani ya maji hayo, maana wengi wanadhani maji yakiwa maangavu basi ni safi. Chakula kikishatumika mwilini mwa samaki, taka yake kubwa ni amonia, naye huitoa hasa kwa njia ya matamvua, moja kwa moja majini. Chakula kilichobaki chini kikioza nacho hutoa amonia hiyo hiyo. Haina rangi. Huunguza matamvua, na samaki anahema kama mtu aliyefukizwa kwa moshi wa pilipili. Kwa rehema ya Mungu wapo bakteria ambao kazi yao ni kuila. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, maana huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo na sisi huipunguza kwa kubadilisha maji kiasi. Bakteria hawa huota kwenye changarawe, kwenye mawe, na zaidi kwenye sponji ya chujio, na huchukua wiki nne hadi sita kuenea vya kutosha. Hakuna anayewaona, ndiyo maana hakuna anayewaheshimu.

Basi mtu ananunua tangi Jumamosi asubuhi, adhuhuri ananunua samaki kumi, hadi jioni amekwisha kuwalisha mara tatu kwa sababu watoto wanataka kuona. Alhamisi samaki wanahema juu juu ya maji. Ijumaa wawili wanaelea. Anasema duka lile linauza samaki wagonjwa. Jumamosi ya pili, kwa uchungu, analifanyia tangi usafi mkubwa: anamwaga maji yote, anasugua mawe, na ile sponji anaikamua chini ya bomba kwa sabuni ya unga mpaka inang'aa. Kwa mikono yake mwenyewe amewaangamiza wale bakteria wachache waliokuwa wameanza kumsaidia, na maji mapya aliyoyatia yana klorini ya bombani. Kisha ananunua samaki wengine kumi. Kwa dawa hiyo hata papa asingepona.

Wale wa zamani walilijua jambo hili kabla yetu. Mkemia Robert Warington wa London, mnamo mwaka 1850, alieleza mbele ya wakemia wenzake jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu katika chombo kimoja na mmea wa majini, na jinsi majani ya mmea yalipoanza kuoza na kuchafua maji akaongeza konokono wa kuyala. Tazameni mtu huyo alikuwa anahangaika na nini. Alihangaika na uozo.

Lakini kinachonichoma si samaki wa dhahabu, ambaye kwa uvumilivu wake angefaa kuwa mtumishi wa serikali. Nimezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, halizidiwi na ziwa lolote duniani isipokuwa Baikal la Urusi, na lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya perege na sato, ambazo karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Tukiogelea utotoni kwenye mawe tulimwona samaki mmoja wa urefu wa kiganja, mwenye kichwa butu, akikwangua mawe kutwa nzima kama mwanamke anayesugua sufuria. Wataalamu humwita Tropheus, na waliandika jina hilo mwaka 1898. Huyu anakula ule utando wa mwani wa kijani unaoota juu ya jiwe. Kwa kuwa chakula chake ni duni, utumbo wake ni mrefu sana, umekunjwakunjwa tumboni mara kadhaa ya urefu wa mwili, ili kukamua kidogo kilichomo. Jike hutaga mayai machache, aghalabu kumi hivi, akayabeba mdomoni yapata mwezi mzima mpaka watoto waweze kujitafutia. Pwani hii wana madoa ya namna hii, pwani ile wana mkanda wa manjano. Wa Ikola si wa Kigoma, wa Kigoma si wa Kipili. Hawavuki mchanga kutembeleana. Ukimtoa mmoja, pengo lake halizibwi na mgeni kutoka mbali.

Samaki hawa wanapendwa ulimwenguni. Pierre Brichard, aliyekaa Bujumbura, alianza kuwapeleka ng'ambo katika miaka ya 1970, na upande wetu pia wamekuwapo wazamiaji wa kuwakamata. Sisemi biashara hiyo ni dhambi. Nasema kwamba wapo watu huko Ujerumani, kwenye theluji, wanaoyatengeneza maji ya bomba yafanane na ya Kigoma, wakampimia Tropheus wao chakula cha majani, na akaishi miaka kumi. Nasi ambao reli yetu inatoka Dar es Salaam hadi ziwani penyewe, kilomita 1,250 hivi, tunamuua katika majuma matatu.

Mwaka juzi nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa kungojea wa zahanati moja ya binafsi hapa Dar es Salaam. Juu ya meza palikuwa na bakuli la kioo la mviringo, lisilo na pampu wala chujio, na ndani yake Tropheus wanne. Watoto wa wagonjwa walikuwa wanawatupia biskuti. Mmoja wa samaki alikuwa amevimba tumbo, ananya kamasi nyeupe ndefu, amejibanza pembeni. Nikamwendea binti wa mapokezi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu samaki anaumwa, wamuona?"

"Huwa wanakuwa hivyo, Mzee wangu. Wakifa daktari ananunua wengine. Hawa ni mara ya tatu."

"Na chakula wanakula nini?"

"Kila kitu! Hawachagui. Hata ugali."

Binti yule sina neno naye, alinijibu kwa adabu na hakuna aliyemfundisha. Lakini ukutani, juu kabisa ya bakuli lile, palikuwa na bango la wizara linalowaeleza akina mama jinsi ya kumlisha mtoto mchanga, kwamba tumbo lake ni dogo na chakula cha mkubwa humdhuru. Daktari aliweza kulisoma kila siku. Utumbo mrefu uliozoea kukwangua mwani ukijazwa biskuti, ugali, au nyama ya moyo wa ng'ombe ambayo wengine huisaga na kuigandisha kwa kujivuna, chakula hukaa humo kikichacha, na samaki huvimba namna ile. Akishafika hapo ni wachache wanaorudi.

Na maji ya ziwa letu yanazidisha hatari. Kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati ya uchachu na ualikali, ziwani hukaribia 9. Sasa, amonia majini ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye nafuu, na pH ndiyo inayoamua ni kiasi gani kitakuwa katika sura gani. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, ile yenye sumu kali haifiki hata sehemu moja katika mia. Kwenye pH 9, joto lile lile, ni zaidi ya theluthi moja. Maana yake ni kwamba mwenye bidii anayeyatengeneza maji yawe ya ziwani kama ipasavyo, kisha akalisha kama kawaida yetu ya kulisha, kipande kile kile cha mkate kinakuwa na sumu mara nyingi zaidi ya kile kilichotupwa kwa jirani. Usiyaige maji ya Kigoma kama huwezi kuiga na njaa ya Kigoma.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza: "Lakini wanaomba! Nikikaribia tu wote wanakuja mbele." Wanakuja, naam. Kiumbe aliyeumbwa kukwangua mawe kutwa hana kengele ya kumwambia inatosha, maana kule jiweni hapajawahi kutosha. Mpe kidogo, mara mbili kwa siku, kile atakachokimaliza katika dakika mbili, na kiwe cha majani: vile vipande vikavu vilivyotengenezwa kwa mwani, au jani la mchicha lililochovywa katika maji ya moto. Siku moja katika juma asile kitu. Atakwangua mwani wa kwenye kioo, na utaona rangi yake inavyorudi.

La pili: "Samaki ni samaki tu, mbona migebuka mnaila?" Tunaila, nami naipenda sana, ikikaangwa siku ile ile. Aliyekula mgebuka amemtumia. Nawauliza wenye mabakuli, ninyi yule wa kwenu mmemtumia kwa nini? Kwa kumtazama? Hamtazamwi tena, kaelea.

La tatu ndilo lenye uzito: hapa kwetu umeme hukatika, pampu husimama, mtu atafanyaje? Jibu ni lile lile la kopo. Umeme ukikatika usilishe kabisa hadi urudi, kwa sababu samaki anayemeng'enya chakula hutumia oksijeni zaidi, na chakula kinachooza nacho huila oksijeni hiyo hiyo. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu mara kwa mara, yaingize hewa. Tangi lenye samaki wachache wasioshiba sana litavuka usiku wa giza. Tangi lililojaa na kulishwa saa moja jioni halitafika alfajiri.

Kazi yenyewe si kubwa, na haina fahari, na ndiyo maana haipendwi. Kila juma toa robo ya maji, tia mengine ya joto lile lile yaliyolala ndooni usiku kucha ili klorini ipungue. Sponji ikamue ndani ya yale maji uliyoyatoa, wala si bombani. Hesabu samaki. Watazame wanavyopumua kabla ya kufungua kopo. Mgeni hatakusifu kwa kubeba ndoo.

Wenye maduka nao nisiwasahau. Anayekuuzia tangi na samaki siku moja anajua atakuona tena mwezi haujaisha. Mimi ningetaka amuulize kila mteja, "Tangi lako lina wiki ngapi na maji?" na asiyefikisha nne aondoke na changarawe, chujio na kikaratasi cha maelezo, samaki wabaki dukani. Nilimweleza hivyo mwenye duka mmoja, mtu mwungwana kabisa. Alicheka, akaniambia, "Mzee, mteja huyo atakwenda duka la pili." Nikamwomba anielekeze duka hilo la pili. Nimekwisha kwenda huko mara mbili. Mwenyewe bado hajakubali, lakini mara ya pili alinivutia kiti.