IDD YA MTOTO: NOTI SI MLEZI

Ndugu Waislamu, wapo wanaodai kwamba kumpeleka mtoto kwenye bembea siku ya Idd ni upuuzi usiofaa. Dai hilo halina mashiko. Siku ya Idd, Mahabeshi walicheza na mikuki msikitini, naye Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) apate kuwatazama, akasimama naye mpaka alipotosheka mwenyewe.

Ubaya haumo katika bembea, umo katika kutosimama kwetu. Mtoto wa miaka miwili, ambaye hajapata kuona umati, hukabidhiwa dada yake wa miaka tisa pamoja na noti moja, kisha baba hurejea barazani! Je, tumeisahau Tabora? Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el-Fitri, watoto wapatao 20 walifariki katika ukumbi wa disko uliofurika. Walitoka nyumbani na nguo mpya, wakarudishwa maiti.

Mzazi wa Themi, kikague kiwanja kwanza: watu ni wangapi, na njia ya kutokea iko wapi? Kisha mshike mwanao mkono, usimame naye mpaka atosheke. Amana hii utaulizwa wewe, hataulizwa dada yake.

Wabillahi tawfiq.