Kumfuata Mwimbaji

Wako vijana hapa Kerugoya wasemao kwamba kumpigia gitaa mwimbaji ni kazi ya mtumishi, na kwamba fundi wa kweli hupiga peke yake. Nalipinga neno hili. Wamezoea mugithi, ambapo mtu mmoja huimba na kupiga, hata hawaoni haja ya kumsikiliza mwingine. Huko Andalusia, nchini Hispania, mpiga gitaa wa flamenko hufundishwa kumfuata mwimbaji: hufunga kibano shingoni mwa gitaa ili alingane na sauti ya mwenziwe, husikiliza pumzi zake, na anapotua ndipo humjibu kwa nyuzi. Kwetu haja hiyo ni kubwa zaidi. Nyimbo za Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, zilipendwa kwa maneno yake; nani angeyasikia chini ya kelele?

Nami, msomaji, nilikosa vivyo hivyo. Harusini nilikimbiza vidole, na ajuza mmoja akaniuliza kama yule aliyefumbua kinywa kando yangu alikuwa mgonjwa. Basi mwache mwenzio aimbe ubeti mzima, wala usiguse uzi mpaka umejua anapovuta pumzi.