Kisima Hukauka Wakati wa Mvua

Ndugu mkulima,

Ufikapo mwezi wa pili unashusha ndoo kisimani, na kamba inaendelea kwenda hata kupita fundo ulilolizoea. Ndoo inagonga chini. Ukiivuta unapata tope. Jambo la kwanza liingialo moyoni ni kuwaita mafundi wachimbe zaidi, futi kumi, futi ishirini, mpaka maji yaonekane tena. Mimi nasema, ngoja kwanza. Kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya kisima, soma maneno haya mpaka mwisho.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Miaka michache iliyopita kisima changu cha futi 40 kilikauka. Niliuza mtamba mmoja mzuri, nikawalipa mafundi, wakafika futi 55. Maji yakatoka. Nikafurahi sana, nikanunua pampu ndogo ya petroli, nikaanza kumwagilia kabichi. Kiangazi kilichofuata, kisima cha jirani yangu wa upande wa chini kikakauka kabla ya changu, naye akaacha kunisalimu. Kiangazi cha pili changu pia kikakauka. Nikawa sina maji, sina mtamba, wala sina jirani.

Kosa langu lilikuwa nini? Nilidhani kisima hutengeneza maji. Sivyo. Kisima ni shimo tu. Maji yaliyomo ni ya mvua iliyonyesha juu ya ardhi yetu, ikanywewa na udongo, ikashuka polepole mpaka ikazuiwa na mwamba au udongo mgumu. Ikiwa mvua yaanguka nasi twaiacha iteremke mtoni, hakuna kitakachoshuka chini. Kwa hiyo kisima hakikauki mwezi wa pili. Kilikwisha kukauka mwezi wa nne na wa tano, wakati ambapo kila mtu alikuwa akifurahi kuona mvua, na maji yakipita mbele ya mlango wake yakienda zake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kumbuka pia jinsi mashamba yetu yalivyoanza. Mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa. Shamba lililokuwa na nyumba kubwa moja, na bwawa la kunyweshea ng'ombe, likawa la jamaa nyingi. Tangu hapo ploti nyingi zimegawanywa tena kwa wana na kwa wajukuu. Ardhi ni ile ile, mvua ni ile ile, lakini visima vimekuwa vingi, na vingine vimetengana hatua thelathini tu. Hati yako ya shamba yaonyesha mipaka yako juu ya ardhi. Maji ya chini hayajui mawe ya mipaka. Anayechimba zaidi pengine atabahatika kufikia maji mengine yaliyo chini zaidi, lakini mara nyingi anawahi tu kuchota yale ambayo jirani naye anayategemea.

Basi tufanye nini? Tuanze na paa la nyumba, kwa maana hapo hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 ina mita za mraba 60. Mvua moja nzuri ya alasiri, ya milimita 20, huleta juu ya paa hilo lita 1,200. Hata ukipoteza sehemu moja katika tano, unabaki na lita 960. Hiyo ni mitungi 48 ya lita 20. Muulize mama au binti wa nyumba yako kubeba mitungi 48 kutoka mtoni ni kazi ya siku ngapi, ndipo uamue kama mfereji wa mabati ukingoni mwa paa ni ghali.

Watu sita wakitumia lita 50 kila siku kwa kunywa na kupika, tangi la lita 5,000 litawatosha siku 100. Hicho ndicho kiangazi chetu karibu chote. Weka tangi juu ya msingi imara. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite nje, ioshe vumbi na mavi ya ndege. Funika tangi vizuri ili mbu wasizae humo.

Najua utasema, tangi ni fedha nyingi. Ni kweli. Lakini kuongeza futi kumi na tano za kisima nako ni fedha nyingi, na fundi hawezi kukuahidi maji. Tangi laonekana kwa macho. Tena si lazima kununua kubwa kwa siku moja. Katika sehemu nyingi akina mama wameonyesha njia: wanachanga kila mwezi katika chama, na kila mara mmoja wao ananunuliwa tangi, mpaka wote wamepata. Wanaume wenzangu, hakuna sababu ya kuona haya kufuata mfano huo.

Tangi ni la watu. Ng'ombe wana hesabu yao. Ng'ombe wa gredi anayekamwa aweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku, na akikosa maji utaliona jambo hilo kwenye ndoo ya maziwa jioni ile ile. Maji ya ng'ombe na ya mboga yapate kidimbwi chao. Chimba mahali ambapo maji ya njia au ya uwanja hupita, tandika chini karatasi ngumu ya plastiki kama udongo wako hauzuii maji, na uweke ua madhubuti kukizunguka, kwa sababu mtoto mdogo hahitaji maji mengi ili kufa. Maji ya kidimbwi si ya kunywa watu.

Baada ya hayo, lilishe kisima chako. Kwenye mteremko chimba makinga maji ya fanya juu, yaani chimba mtaro kwa kufuata usawa wa mlima, na udongo uutupe upande wa juu. Wakulima wa Machakos walianza kazi hiyo kwa wingi miaka ya 1950, na milima yao iliyokuwa imechakaa ikapata mazao tena. Panda majani ya mabingobingo juu ya tuta, ng'ombe wapate kula. Maji yatasimama pale, yatazama, na udongo wako hautakwenda kwa jirani. Ikiwa umepanda mikaratusi karibu na kisima au chemchemi, ikate. Mti huo hukua upesi kwa sababu hunywa sana. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe karibu na mito na chemchemi, na wengi walinung'unika. Mimi pia nilinung'unika. Leo naona alikuwa na haki.

Huenda kisima chako hakihitaji kuongezwa ila kusafishwa tu, kwa kuwa tope limejaa chini na kuziba njia za maji. Na ikiwa kweli ni lazima kuongeza, ongeza mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Lakini sikiliza neno hili kwa makini. Usimteremshe mtu kisimani kabla ya kupima hewa. Teremsha taa inayowaka mpaka chini. Ikizimika, hewa ni mbaya, na mtu asiingie. Hata ikiendelea kuwaka, huo si uhakika kamili, kwa maana moshi wa injini waweza kumwua mtu bila kuzima taa. Kwa hiyo pampu ya petroli isiwekwe kamwe ndani ya kisima. Anayeshuka afungwe kamba kifuani, na watu wenye nguvu wawe juu. Akianguka, avutwe kwa kamba. Mwingine asishuke kumfuata. Katika visima vingi alikufa mmoja, kisha wakafa ndugu zake waliokwenda kumwokoa.

Ikiwa unafikiria kuchimba kisima kirefu cha mashine, sharti upate kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kufuatana na Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Wako wanaoona sheria hiyo ni usumbufu. Mimi nikikumbuka jirani yangu, naona ina maana.

Tena wako watakaosema, kazi ya maji ni ya serikali, sisi tungoje mabomba. Kweli, Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha, na huduma ya maji imewekwa mikononi mwa kaunti. Tudai haki hiyo, tena kwa sauti. Lakini bomba likija kesho, mvua ya leo itakuwa imekwisha kupita. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, sehemu za kaskazini na mashariki mwa nchi yetu zilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, ng'ombe wakafa kwa wingi. Mwezi wa nne na wa tano mwaka 2024 mvua iliyonyesha ikabomoa nyumba na kuua watu sehemu nyingi za Kenya. Nchi ile ile imelia kwa kukosa maji na imelia kwa maji kuzidi. Ni mvua ngapi kati ya hiyo tuliyoihifadhi mashambani mwetu?

Yako mambo ambayo mtu mmoja hawezi. Bwawa la zamani lililojaa tope latosha kunywesha ng'ombe wa ploti nyingi likifukuliwa, likizungushiwa ua, na ng'ombe wakanyweshwa kwenye birika badala ya kuingia ndani. Hiyo ni kazi ya harambee ya siku chache, kila nyumba ikitoa mtu na jembe. Mwiteni Bwana Shamba awaonyeshe mahali pa kutupa tope na namna ya kuimarisha ukingo.

Jirani yangu na mimi tumepatana. Nilimwendea mwenyewe, nikamwambia kosa lilikuwa langu. Pampu niliiuza. Sasa kila Jumamosi twapima visima vyetu viwili kwa kamba yenye mafundo, na maji yakishuka kufikia fundo tulilokubaliana, sote wawili twaacha kumwagilia mboga, twabakiza ya watu na ng'ombe na ya kuosha vyombo vya maziwa. Kati ya shamba lake na langu tumechimba mitaro mitatu ya fanya juu. Sisemi visima vyetu havitakauka tena. Nasema kiangazi kilichopita vilichelewa kupungua, na hakuna aliyeuza ng'ombe.

Ndugu mkulima, funga mafundo kwenye kamba yako wiki hii, kisha umwendee jirani yako kabla ya mvua kuanza.