Mzigo wa Ulaya, Mkono wa Sombetini

"Haijafunguliwa." Hilo ndilo neno la kwanza la muuzaji, na ndilo la mwisho la mnunuzi anapojisifu kwa jirani. Amplifaya ya stirio iliyokwisha kutumika miaka thelathini au arubaini katika nchi za watu, ikavuka bahari ndani ya kontena, ikapanda lori mpaka Arusha, ikafika Sombetini, sifa yake kuu ni kwamba hapana mkono wa fundi wa hapa uliowahi kugusa matumbo yake. Skrubu zake bado zina rangi ya kiwandani. Basi bei hupanda.

Neno hilo ni la uongo mara nyingi, ni la hatari kila mara, na ni tusi kwa watu ambao bila wao masanduku hayo yangekuwa chuma cha kupimwa kwa kilo. Yafaa lichunguzwe, kwa kuwa kosa lililo ndani yake haliishii kwenye redio.

Sombetini ni kata ya Jiji la Arusha, na haiko mbali na Ngarenaro na Unga Limited. Huko, kama ilivyo katika miji yetu mingi, amplifaya ya mtumba ina kazi maalumu. Hupiga muziki katika kinyozi, katika baa, katika kanisa dogo la mabati, katika sebule ambako huwekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Wenye nazo huzisemea kama wafugaji wanavyosemea ng'ombe. Na maoni yao, ukiyakusanya, hayazidi matatu: kwamba ni mzigo wa Ulaya, kwamba ni nzito, na kwamba haijafunguliwa. Tuyatazame moja baada ya jingine, kwani mwenye mali ni shahidi, na shahidi hapuuzwi. Lakini shahidi huulizwa maswali.

La kwanza ni Ulaya. Geuza sanduku, usome kibao cha nyuma. Mara nyingi utakuta imeandikwa Japani. Na hata pale jina lililo mbele ni la Uingereza, kazi huenda ilifanyika kwengine. Mfano ulio mashuhuri ni amplifaya ya NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978. Kampuni ilikuwa ya London, aliyeichora, Erik Edvardsen, alikuwa Mnorwei, na mikono iliyoiunga ilikuwa ya Taiwan. Ikasifiwa dunia nzima kwa sauti yake, ilhali nguvu yake iliyotajwa ilikuwa wati 20 tu kwa kila upande. Nani basi apewe sifa ya "Ulaya" hapo?

Jina hilo la Ulaya lina gharama yake. Anayeamini kwamba vyote vitokavyo ng'ambo ni vya nchi moja hasomi kibao. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni 120. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani ikichomekwa ukutani moja kwa moja hupokea zaidi ya maradufu ya chakula chake. Fyuzi isipowahi kukatika, huungua transfoma au hupasuka kapasita, na siku ya furaha ikageuka siku ya moshi. Chombo chenye redio ndani yake kina kitendawili kingine: redio za zamani za soko la Japani hushika FM kuanzia 76 mpaka 90 tu, nazo stesheni zetu zimetawanyika mpaka 108. Mwenye nayo huzungusha kitufe akakuta ukimya, akasema redio ni mbovu. Si mbovu. Inasubiri stesheni za kwao.

La pili ni uzito. Hapa wenye mali wana hoja, nao wapewe haki yao. Transfoma kubwa ya chuma na shaba, na mbavu nene za aluminiamu za kupozea joto, ni vitu vizito, na ni vitu vya maana. Anayekipima chombo kwa kukinyanyua hajafanya ujinga. Amefanya kipimo cha mtu asiyekuwa na kifaa cha kupimia. Na ana sababu ya kutoyaamini maandishi. Maduka yamejaa masabufa mapya yaliyobandikwa maelfu ya wati kwa herufi nne, PMPO, kipimo ambacho hakina kanuni moja inayokubaliwa. Sabufa hilohilo, ukisoma nyuma, hukiri kwamba linakula wati 60 za umeme. Wapi amewahi kuonekana ng'ombe anayekula debe moja la majani akakamuliwa mapipa mia ya maziwa? Debe tupu haliachi kuvuma.

Wala hila hiyo si mpya. Wauzaji wa Marekani waliivumisha sana hata mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikatoa kanuni ya kuwalazimisha kutangaza nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo, si mshindo wa nukta moja. Zile amplifaya nzito za miaka iliyofuata, ambazo leo zinaitwa "mzigo", zilizaliwa chini ya sheria hiyo au katika kivuli chake. Alhasili, ukweli wa namba zake haukutokana na hulka njema ya watu wa ng'ambo. Ulitokana na mtu kulazimishwa kuandika alichokifanya, na jina lake chini. Jambo hili likumbukwe, kwani litarudi.

Hata hivyo uzito nao una mpaka. Sikio la mwanadamu ni bahili: ili lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu lazima iongezwe takriban mara kumi. Tofauti ya wati 40 na wati 60, ambayo watu hugombania mpaka usiku, sikio huitambua kwa shida. Na mwenye baa anayeunganisha spika nne mahali palipopangiwa mbili, kwa kuwa "chuma hiki ni kizito, kitabeba", hukibebesha mzigo ambao hakikuundiwa. Huungua. Kisha hulaumiwa fundi.

Na sasa la tatu, ambalo ndilo mzizi wa fitina: haijafunguliwa.

Ndani ya amplifaya mna kapasita zilizotiwa maji ya dawa, na maji hayo hukauka kwa miaka na kwa joto. Zikikauka, mngurumo huingia katika spika. Mna swichi ndogo inayozilinda spika, nayo midomo yake hushika kutu nyeusi, upande mmoja ukanyamaza mpaka upigwe kofi. Mna vitufe vya sauti vinavyokwaruza. Mna ute mweupe kati ya transista na mbavu za kupozea, nao huwa unga. Mna, katika mji kama Arusha, vumbi laini la udongo wa volkano linaloziba matundu yote ambayo kitambaa cha kufuma hakikuyaziba. Amplifaya ya mwaka 1980 ambayo kweli haijafunguliwa si bikira. Ni mgonjwa ambaye hajaonana na tabibu. Wazee walikwisha kusema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Na ile inayoimba vizuri? Ile ambayo mwenyewe humwita jirani aje asikilize besi ilivyo nene bila kutia matope, na sauti ya mwimbaji ilivyosimama katikati ya spika mbili kana kwamba yumo chumbani? Hapana shaka kubwa kwamba hiyo ilifunguliwa. Kuna mtu aliyekaa na mita na mkono wa solda chini ya taa ndogo, akatoa kapasita nane, akasafisha midomo ya swichi, akapima ili volti zisizotakiwa zisifike kwenye spika. Kisha akazirudisha skrubu zilezile kwa uangalifu, kwa sababu anajua kwamba alama ya bisibisi itamkosesha muuzaji bei. Huu ndio msiba wenyewe. Fundi huyu hulipwa ili afanye kazi, na hulipwa tena ili ionekane hakuifanya.

Watetezi wa neno lile wana jibu, na si jibu la kudharauliwa. Husema: wako mafundi wanaong'oa transista nzuri wakatia za bandia, wanaobadilisha transfoma, wanaorudisha sanduku likiwa na uso uleule na moyo mwengine. Ni kweli. Transista bandia zimejaa sokoni, zimeandikwa namba za zile za kweli, na hupasuka siku ya kwanza ya harusi. Mwenye mali aliyekwisha kutapeliwa ana haki ya kuogopa bisibisi.

Lakini dawa gani aliyoichagua? Amechagua kumpenda fundi asiyekuwepo. Amesema: kwa kuwa wako walioiba, afadhali pasiwe na aliyegusa. Na kwa uchaguzi huo amemlinda mwizi hasa, kwani mahali ambapo kazi njema lazima ifichwe, kazi mbaya hujificha papo hapo, na hapana awezaye kuzitofautisha. Mwizi na bingwa wote wawili huziacha skrubu zikiwa safi. Fundi bora hawezi kujenga jina, kwa kuwa jina lake likijulikana bidhaa hushuka thamani. Hawezi kumwonesha kijana kazi yake aliyoimaliza mwaka jana. Na kijana, akitazama, huona kwamba ufundi ni kazi ya siri isiyo na heshima, akaenda kuendesha bodaboda.

Arusha haikuwa hivyo daima. Jiji hilo lina mahali paitwapo Philips, jina la kampuni ya Kiholanzi iliyokuwa na kiwanda cha redio hapo. Mikono ya watu wa Arusha iliunga redio, zikatoka zimefungwa ndani ya maboksi, na hapana aliyesema zimeharibika kwa kuguswa na Mtanzania. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba zamani ulivaa sare ya kampuni, na leo umekaa kibandani.

Wasomaji wa mashairi watauliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Lugha hii ina kazi nyingine inayotendewa kama ya fundi yule, nayo ni kazi ya kutafsiri. Sifa inayotolewa kwa tafsiri njema ni kwamba "haioneshi kama imetafsiriwa". Yaani skrubu zake hazina alama. Kitabu hupita mikononi kikiwa na jina la Mrusi au la Mfaransa juu ya jalada, na aliyekifungua, akakitoa kilichokauka na kukipa damu ya Kiswahili, jina lake huandikwa kwa herufi za sisimizi, kama limeandikwa. Afadhali Julius Nyerere, ambaye hakuona haya. Alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963. Mwaka 1969 akaitoa upya ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Alikifungua chombo mara ya pili mbele ya watu wote, akaonesha kwamba kilichofunguliwa ndicho kilichotunzwa.

Au watazame nyumbani Unguja. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, mashine zilikuwa za Waingereza, santuri zikarudi na nembo ya kigeni. Hapana Mzanzibari aliyesema kwamba sauti ile ni ya Ulaya. Watu walijua kutofautisha sanduku na kilichomo. Ujuzi huo umekwenda wapi?

Wako pia wanaosema kwamba mjadala wote huu ni wa taka. Kwamba nchi tajiri hututupia vyuma vyao, na dawa ni kufunga mlango. Hofu yao ina msingi. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliwekwa kwa ajili ya kuzuia taka za hatari zisivushwe ovyo, na tangu Januari 1, 2025 taka zote za umeme na elektroniki, ziwe za hatari au zisiwe, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila ya nchi inayozipokea kuarifiwa na kukubali. Vyema. Lakini nani atasema sanduku hili ni taka na lile ni chombo? Si karani kwa kutazama rangi yake. Ni yule anayejua kulifungua. Nchi inayomdharau fundi wake haitakuwa na mtu wa kuweka bandarini wala kibandani, na sheria itabaki karatasi.

Basi linalodaiwa si kubwa. Kila fundi wa Sombetini, wa Darajani, wa Kariakoo, anapoifunga amplifaya, abandike ndani ya kifuniko kikaratasi: jina lake, tarehe, alichokitoa na alichokitia. Kila mnunuzi, kabla ya kutoa fedha, aombe kifuniko kiinuliwe, asome. Na mwenye mali, jirani akija kusikiliza, aache kusema haijafunguliwa. Aseme imefunguliwa, na amtaje aliyeifungua.