Si Kila Moshi Mweupe Ni Ugonjwa wa Injini

Moshi mzito mweupe unapotoka katika bomba la nyuma la gari, mara nyingi mwenye gari huambiwa gerejini kwamba injini imekwisha, sharti ishushwe na kubadilishwa ringi. Kazi hiyo huweza kumeza akiba yote ya familia. Kabla ya kuikubali, yafaa kukichunguza kifaa kidogo kilichofungwa kwenye pampu ya usukani wa pawa katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990, Corolla zikiwamo.

Kifaa hicho ni vali ya hewa. Tuzungushapo usukani wakati wa kuegesha, pampu huielemea injini. Shinikizo la oili ndani ya pampu huisukuma vali, nayo hufungua njia ya hewa ya ziada kuingia katika injini kwa mipira miwili myembamba. Kwa njia hiyo mwendo wa injini gari likiwa limesimama, ambao mafundi huuita sailensa, haushuki, wala gari halizimiki.

Vali ikiganda huku imefungwa, injini hutetema au huzima usukani unapozungushwa. Ikiganda huku i wazi, sailensa hubaki juu hata magurudumu yakiwa yamenyooka. Lakini kizuizi chake cha ndani kinapovuja, injini huivuta oili ya usukani na kuiunguza. Hapo ndipo moshi hutoka, ilhali chini ya gari hakuna hata tone.

Uchunguzi wake si mgumu. Kwanza, injini ikiwa baridi, pima maji ya rejeta, oili ya injini na oili ya usukani. Pima tena baada ya siku chache. Maji yakipungua, au oili ya injini ikipungua, tatizo li kwingine. Ikipungua ya usukani peke yake, itilie shaka vali.

Pili, zima injini, kisha chomoa mipira ile miwili. Kazi yake ni kupitisha hewa tupu, hivyo yapaswa kuwa mikavu. Ukikuta oili ndani, umekwisha kumpata mwizi.

Tatu, kwa kuhakikisha, ziba barabara ncha za mipira iendayo kwenye injini pamoja na midomo ya vali yenyewe, usije ukamwagia oili bomba la moshi lililo moto na kuzusha ajali. Endesha gari. Moshi utaendelea kidogo mpaka mabaki yaungue, kisha utakoma. Huu ni ufumbuzi wa muda tu, kwani sailensa yaweza kushuka wakati wa kukata kona.

Dawa kamili ni kubadili vali, kusafisha mipira, na kujaza oili ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Usichelewe: pampu ikikauka itaanza kulia, kisha itakufa, na usukani utakuwa mzito mikononi ukiwa na watoto garini.

Magari yenye usukani wa umeme hayana vali hii. Mwenye gari la zamani, hata hivyo, asitoe idhini ya kushusha injini kabla fundi hajamwonyesha mipira hiyo miwili.